Kibuyu Kina Mdomo Mmoja

Siku ninayoikumbuka mara nyingi kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya kiangazi nilipopanda kilima cha Kiseke na kreti za pombe niliyoifunga kwenye chupa kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufunga pombe, na nilikuwa naipeleka posa. Chupa zilikuwa safi, vizibo vinang'aa, na juu ya kreti nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe. Nilitembea kama mtu anayeleta habari njema. Niliposhuka kilima kile jioni hapakuwa na chupa hata moja iliyobaki na kizibo chake, na nilikuwa nimejifunza jambo ambalo leo nataka nikukabidhi.

Nianze na sisi ni nani, usije ukapotea. Wazazi wangu walitoka Kagera, kule ambako mtu akikuonyesha nyumba yake huoni nyumba, unaona migomba. Kazi ndiyo iliyomleta baba yangu Mwanza, na maradhi yakamchukua nikiwa bado shule. Aliyenilea ni mdogo wake, baba mdogo Novatus, fundi seremala, mtu wa Pasiansi, pale ambapo viwanja vinateremka mpaka kwenye matete ya ziwa. Nyuma ya nyumba yake, kwenye udongo wenye majimaji, alipanda migomba ya mbire, ndizi zisizopikwa wala kuliwa, ndizi za pombe tu. Majirani Wasukuma walimcheka wakisema mtu gani analima chakula kisicholiwa. Wakacheka mpaka walipoonja.

Pombe hiyo ndiyo rubisi. Ndizi huivishwa shimoni kwa majani na moshi, zikamenywa, zikatiwa kwenye hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka maji yatoke. Maji yale yakichujwa hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hori likafunikwa majani ya migomba, na kuanzia hapo kazi si yako tena. Kwetu kukanyaga ni kazi ya wanaume. Wanawake huleta nyasi na mtama, kisha husimama mbali kidogo wakikosoa. Baba mdogo alikuwa akiosha miguu yake kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akiosha uso, na hakumruhusu mtu azungumze habari za ugomvi karibu na hori. Alisema rubisi inasikia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye ghala la vinywaji pale mjini. Kutwa nilikuwa nikipanga kreti. Ukikaa na kitu siku nyingi, ama utakichoka ama utakipenda, na mimi niliipenda chupa. Nilizipenda chupa kwa sababu ziko sawa zote, zimesimama zimenyamaza, na hakuna hata moja inayovuja. Nikirudi Pasiansi nakuta kibuyu cha baba mdogo, kimezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa, kinatoa povu shingoni kama mtoto anayeota meno. Tulipokuwa tukipeleka pombe kwenye sherehe za watu wa kwetu, kibuyu kililowanisha begani shati la aliyekibeba, na nyuki walitusindikiza njia nzima. Niliona aibu. Sikuisema, lakini niliiweka moyoni, na aibu uliyoiweka moyoni haikosi kutafuta siku ya kutokea.

Siku yake ikawa posa yangu.

Koku alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Kiseke, na yeye wa kwetu Kagera kwa asili. Tulifahamiana kwenye kwaya ya kanisani, mimi nikiimba besi mbovu na yeye akinigeukia kila nilipokosea. Baba yake, Mzee Laurean, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Huyo sikumwogopa. Niliyemwogopa ni dada yake, Shangazi Yustina, ambaye kila mtu alimwita Ma Yustina kwa heshima ya kwetu. Kwetu Wahaya, mwanangu, shangazi wa binti akikataa, baba hana la kusema. Ma Yustina alikuwa mjane, mdogo wa umbo, hanywi pombe kabisa, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu viatu kwanza ndipo apande usoni.

Sasa elewa uzito wa pombe ile. Kwetu pombe ya posa si kiburudisho. Wakwe wakiipokea na kuinywa, wamekusikia. Wakiiacha ikarudi ilikotoka, posa nayo imerudi, na hakuna atakayekuita kukueleza kwa nini. Niliwahi kumwona kijana wa mtaani kwetu amerudi na kibuyu chake kikiwa kimejaa. Alioa baadaye, lakini si yule aliyemtaka. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba kwenye zile kreti maisha yangu yote yaliyokuwa yakinisubiri, na ndiyo maana nilitaka yawe safi.

Niliomba ghalani chupa tupu na mashine ndogo ya mkono ya kubana vizibo, nikapewa kwa ahadi ya kurudisha. Nikaziloweka chupa, nikazisugua ndani kwa mchanga wa ziwani, nikazisuuza kwa maji ya moto, nikazipindua juani juu ya mkeka. Baba mdogo alipochuja rubisi yake, nilimwomba asinifanyie haraka. Nikaacha povu lishuke kabisa mpaka uso wa pombe ukatulia. Nikaweka pipa la pombe juu ya meza, nikatumbukiza mpira mwembamba, nikavuta kwa mdomo ili pombe ishuke. Funda la kwanza likanijia kinywani. Lilikuwa tamu, lenye moshi kwa mbali, tamu kabisa. Nikalimeza, nikasema moyoni, hii ndiyo. Kisha nikajaza chupa moja baada ya nyingine, nikaweka kizibo, nikabana. Ile sauti ya kizibo kukamata shingo ya chupa ilinipendeza kuliko kwaya.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amekunja mikono, akiniangalia kama mtu anayetazama mwenzake akijenga nyumba kuanzia bati. Mwishowe akauliza, "Na nani ataonja?"

Nikamjibu, "Imefungwa, baba mdogo. Hakuna mkono wa mtu utakaoigusa."

Akasema, "Haya. Mjini ni mjini." Akainuka kwenda kunoa randa yake.

Najua unachongoja, mwanangu. Unangoja chupa zipasuke. Watu wote ninaowasimulia kisa hiki wakifika hapa huinamisha shingo kusikiliza mlipuko. Hazikupasuka. Hata moja. Zilikaa siku mbili chini ya bati kwenye chumba changu, kwenye joto, zimenyamaza kimya kama nilivyotaka. Ningekuwa na bahati zingepasuka, maana kinachopasuka kinakuambia. Kilichonyamaza ndicho kilichonipeleka Kiseke.

Tulikwenda kwa pikapu ya jirani mpaka barabara ilipoishia kwenye mawe, tukabeba kwa mikono hadi juu. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Sebule ya Mzee Laurean ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa, na wazee wa ukoo walikuwa wamejipanga ukutani. Ma Yustina alikaa karibu na mlango wa ndani, ambako kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nilijua yuko Koku, maana pazia lilikuwa linapumua. Tukasalimia, shikamoo kwa kila mmoja na marahaba kutoka kwa kila mmoja. Baba mdogo akaeleza safari yetu kwa maneno marefu ya kuzunguka, kama inavyopaswa, kwamba tulipita njiani tukaona mgomba mzuri unaotupa kivuli kwenye ua huu, tukaja kuuliza kama una mwenyewe. Mzee Laurean akasema mgomba upo, na mwenyewe yupo, na mmekuja na nini mkononi.

Nikavuta kitambaa cheupe.

Nitasema kweli, ilipendeza. Kaka mmoja wa Koku alipiga mluzi mdogo. Mwingine akasema, "Duh, shemeji, hizi ni kama za dukani kabisa." Mzee Laurean akatabasamu. Nikachomoa opena mfukoni, nikafungua chupa ya kwanza mbele ya macho yake, kama wanavyofanya wahudumu wenye adabu huko mjini ili mteja aone kwamba haijaguswa. Nikampa kwa mikono miwili, nimepiga goti.

Akaipokea. Akaishika. Hakuipeleka mdomoni.

Nikadhani anasubiri glasi. Nikageuka kutafuta glasi, ndipo nikaona kwamba baba mdogo amefumba macho kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

Ma Yustina ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Nani amekunywa?"

Hapa nieleze jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utoto na nikalisahau kwa sababu ya kupenda vizibo. Kwetu, na si kwetu tu, nenda kwa Wasukuma kule Bujora utalikuta hivyo hivyo, mwenye pombe hunywa kwanza. Humimina kidogo, hunywa mbele ya mgeni, ndipo humpa. Wengine husema ni kuondoa uchawi, wengine husema ni kuonyesha haina sumu. Ni kitendo cha sekunde chache, na kibuyu kimoja kinatosha nyumba nzima, kwa sababu kilichomo kibuyuni ni kimoja.

Baba mdogo akafumbua macho, akainuka haraka. "Samahani, waitu," akasema kwa lile neno letu la heshima, akaichukua ile chupa mkononi mwa Mzee Laurean, akanywa funda, akairudisha. Watu wakaanza kupumua.

"Umemwonjea huyu," akasema Ma Yustina. "Na ya yule pembeni yake? Na zile za kreti ya chini?"

Baba mdogo akazitazama kreti. "Ma Yustina, nikionja zote hizo mtanizika hapa hapa, na posa itageuka matanga."

Wazee wakacheka. Hata yeye alicheka kidogo, na nikadhani yamekwisha. Lakini alipomaliza kucheka alinigeukia mimi. Alianza na viatu. Alipofika usoni akaniuliza kama najua mume wake alikufa vipi. Nikasema sijui, shangazi. Akanieleza bila machozi, kama mtu anayekuelekeza njia. Mumewe alikuwa mtu wa kunywa kwa kiasi. Siku moja rafiki alimletea zawadi, pombe kali kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ina karatasi yake, ina kizibo chake. Rafiki mwenyewe alikuwa ameinunua kwa nia njema, hakuwa ameionja. Ndani ilikuwa gongo la watu wasiojulikana. Kwanza macho yalikataa kuona, kisha akaenda.

"Chupa ile ilifungwa vizuri kuliko hizi zako," akasema. "Kibuyu kina mdomo mmoja. Nikimwona mwenyewe anakunywa, nimejua. Hizi umeniletea midomo mingi, na yote umeifumba. Sasa mimi nimwamini nani, wewe au kizibo?"

Pazia likaacha kupumua.

Mzee Laurean akakohoa, akasema kwa upole wake kwamba labda wageni wapumzike, wapate chai, na mambo mengine yaangaliwe siku nyingine. Mwanangu, nilizijua tafsiri za maneno hayo. Siku nyingine ni jina la heshima la hapana. Baba mdogo alikuwa tayari ameanza kukunja kile kitambaa cheupe.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nilipiga goti mbele ya Ma Yustina nikasema, "Shangazi, naomba chungu."

"Cha nini?"

"Nizirudishe kwenye mdomo mmoja."

Ma Yustina akaita kuelekea ndani. Hakuja Koku, alikuja mama yake na chungu kikubwa cha kuhifadhia maji, kimepanguswa, akakiweka katikati ya sebule. Nikaanza. Nilifungua chupa, nikamimina, nikafungua nyingine, nikamimina. Vizibo nilivyovibana kwa raha vikatoa pumzi kimoja baada ya kingine, na kila mmoja alikuwa akitazama. Na hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokuwa nimekifunga. Chupa za juu, zilizojazwa mwanzo, zilitoa pombe nyepesi inayopitisha mwanga. Zile za kreti ya chini, zilizojazwa pipa lilipokaribia kuisha, zilitoa kitu kizito chenye machicha ya mtama. Nyingine ilitoa povu jingi, nyingine haikutoa hata kidogo. Nilidhani nimeleta pombe moja. Kumbe nilikuwa nimeleta pombe tofauti tofauti zilizovaa sare.

"Ona," akasema Ma Yustina kwa kaka yake, bila kunitazama. "Wewe ungekunywa maji, na wanawake kule jikoni wangekunywa matope. Na wote mngerudisha shukrani."

Chungu kikajaa. Nikaikoroga kwa kata ya kibuyu niliyopewa, nikachota, nikasimama mbele yao wote. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi siku ile nilikuwa kata. Nikanywa.

Haikuwa ile niliyoivuta kwa mpira. Ule utamu wenye moshi ulikuwa umeondoka. Siku mbili za joto, gizani, ndani ya vioo, ilikuwa imejibadilisha bila kuniaga. Ilikuwa inaelekea siki. Haikuwa mbaya ya kutema, hapana, lakini ulimi ulijikunja, na mtu wa Kagera yeyote angejua kwamba hii imepitwa na siku yake.

Ma Yustina akauliza, "Ikoje?"

Swali dogo sana hilo, mwanangu. Maneno mawili ya kulijibu yalikuwa yananisubiri mdomoni, ni nzuri. Kila mtu sebuleni alitaka niyaseme, tunywe, tumalize. Baba mdogo alikuwa ananitazama kwa macho ya kunisihi. Pombe ya posa iliyochacha ni aibu, na aliyepeleka aibu kwa wakwe atatafutiwa methali mpaka wajukuu. Nilimfikiria Koku nyuma ya pazia. Nikafikiri pia juu ya yule rafiki wa mumewe, mwenye nia njema, ambaye hakuwa na la kusema juu ya alichokileta kwa sababu hakukijua. Mimi sasa nilikuwa nakijua.

Nikasema, "Imechacha kidogo, shangazi. Nilipoifunga ilikuwa tamu. Sikuionja tena."

Mzee mmoja ukutani alitazama dari.

Ma Yustina akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa kata. Yule mwanamke asiyekunywa aliigusisha midomo, kwa kiasi cha kulowanisha tu, akakunja uso. "Kweli imechacha," akasema. Kisha akawageukia ndugu zake. "Kunyweni. Haiui. Na huyu tumempata wa kutuonjea."

Wakanywa. Walikunja nyuso na kutaniana, kaka yake Koku akasema shemeji ametuletea dawa ya kuogeshea mbwa, na kata ikazunguka mkono kwa mkono kutoka chungu kile kile, kwa wazee na kwa wanawake waliotoka jikoni. Lakini hatukuachiwa hivi hivi. Ma Yustina alituagiza turudi na pombe nyingine, ndani ya kibuyu, na akataka mwenye kukibeba begani niwe mimi. Nilikibeba. Kilinilowanisha shati lote, na nyuki walinifuata mpaka mlangoni. Koku anasema ile ndiyo siku aliyoamua kwamba nitamfaa, ingawa uamuzi ulikuwa umeshafanywa na wengine.

Tukiteremka kilima ile Jumamosi, chupa tupu zikigongana kwenye kreti, nilimlalamikia baba mdogo kwa nini hakunionya.

"Nilikuuliza nani ataonja," akasema. "Ukaniambia imefungwa. Mimi nikafikiri mtoto amesoma, hawezi kujibu swali ambalo halikuulizwa."

Kisha akacheka mpaka akaweka kreti chini.

Miaka imepita. Ma Yustina amelala makaburini, na baba mdogo naye. Koku yuko ndani hapa anasikia ninavyosimulia na atanisahihisha baadaye. Nikirudi nyumbani na asali kwenye chupa au dawa ya kikohozi kutoka kwa mtu wa mtaani, yeye hatazami karatasi iliyobandikwa. Anauliza, "Nani amekunywa?" Naenda kuchukua kijiko.

Sasa nawaona ninyi vijana wa leo, na ninawapenda kwa bidii yenu. Huyu anafunga juisi ya ubuyu, yule anafunga siagi ya karanga, mwingine pale pale Pasiansi anafunga rubisi kwenye chupa nyeupe na karatasi ya rangi nzuri kuliko zile za kiwandani. Sisemi msifunge. Chupa ni kitu kizuri, na kibuyu kina matatizo yake, waulize nyuki. Sikutumi pia ukanywe pombe, kama umeamua kuiacha umeamua vyema. Nasema hivi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kizibo kinakuambia kwamba hakuna aliyegusa. Hakikuambii kilichomo kikoje. Hayo ni mambo mawili, na mimi nilijibu moja nilipoulizwa jingine.

Na usidhani nazungumzia vinywaji tu. Simu yako hiyo kutwa inakuletea maneno yaliyofungwa vizuri. Fulani amefanya hivi, dawa hii inaponya vile. Umeyapokea yamefungwa, unayatuma yamefungwa, kwa watu unaowapenda, kwa nia njema kabisa. Umeonja? Unampeleka rafiki yako kwenye kazi, umewahi kuifanya? Unamshauri mdogo wako avumilie ndoa, umewauliza waliomo? Rafiki wa mume wa Ma Yustina hakuwa mwovu. Alikuwa mtu aliyetoa asichokijua, akakiamini kizibo.

Basi nasaha yangu ni hii, na nimeichukua Kiseke, si yangu. Usimpe mtu kitu ambacho mdomo wako haujakitangulia. Na ukishaonja, usiitegemee ladha ya juzi, kwa maana vitu hubadilika gizani, na vilivyofungwa hubadilika bila kukuambia. Onja tena saa ile ile unayotoa. Halafu, hili ndilo gumu, watu wakikuuliza ikoje, waambie ilivyo. Watakucheka kidogo, watakunja nyuso, wengine watatafuta methali. Lakini kuanzia siku hiyo watakunywa kutoka mkononi mwako bila kuuliza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono safi ya kufunga, na mdomo unaotangulia, na ulimi usioogopa kusema imechacha. Na nyumba utakayobisha hodi kutafuta maisha yako, akujalie uwakute humo watu wanaouliza kabla ya kunywa, kwa maana hao ndio watakaokaa nawe chungu kimoja mpaka mwisho.